Cheti cha Nyumba Isiyofuja Umeme

Cheti cha hiari cha nyumba ni ushahidi kwamba jengo limekaguliwa na mtu asiyelijenga, likaonekana linatumia nishati kidogo kuliko nyumba za kawaida. Sheria ya ujenzi humlazimisha kila mjenzi afikie kiwango cha chini. Cheti humngoja anayetaka kuvuka kiwango hicho, na asiyetaka hashitakiwi.

Mipango ya namna hii ilizaliwa katika nchi za baridi, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Huko mzigo mkubwa wa mwenye nyumba ni kuipasha joto wakati wa kipupwe. Mwaka 1977, mjini Regina nchini Kanada, ilijengwa nyumba ya majaribio yenye kuta nene zilizoshindiliwa vifaa vya kuzuia joto lisitoroke, na nyufa zake zikazibwa kwa makini. Mafunzo yake yalichangia kuanzishwa kwa R-2000, mpango wa vyeti wa Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchini Ujerumani, mwanafizikia Wolfgang Feist alikuwa nyuma ya nyumba nne zilizoshikana mjini Darmstadt, ambazo wakazi wake walihamia mwaka 1991. Kutokana nazo kikaja kiwango cha Passivhaus, miongoni mwa vilivyo vigumu kuliko vyote: nishati ya kupasha joto isizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kilowati-saa ndiyo ile ile ambayo mnunuzi wa LUKU au tokeni huiita uniti.

Marekani ilichagua njia nyepesi zaidi, na labda ndiyo maana imefika kwa wengi. Energy Star, iliyoanzishwa mwaka 1992 na wakala wa serikali wa mazingira kwa ajili ya kompyuta, ilianza kutoa vyeti kwa nyumba mwaka 1995. Nyumba inayostahili hutakiwa kuishinda kwa angalau asilimia 10 ile iliyojengwa kwa kufuata sheria tu. Zaidi ya nyumba milioni 2 zimekwishapata cheti hicho.

Thamani ya cheti chochote imo katika ukaguzi. Ramani nzuri haitoshi, kwa kuwa ufujaji mwingi huingia pale fundi anapoharakisha kazi. Chini ya Energy Star, mkaguzi huja kabla kuta hazijafunikwa, wakati bado anaweza kuona kilichomo ndani yake, kisha hurudi nyumba inapokamilika. Hapo feni kubwa hufungwa kwenye uwazi wa mlango, madirisha yote yakafungwa, na hewa ya ndani ikavutwa nje mpaka tofauti ya shinikizo ifike paskali 50. Hewa ya nje hukimbilia ndani kupitia kila upenyo: kwenye soketi, pembeni mwa fremu, mahali bomba linapotoboa ukuta. Mita huonyesha ni kiasi gani kinapita. Kwa Passivhaus, hewa hiyo haitakiwi kuzidi asilimia 60 ya ujazo wa nyumba kwa saa. Fundi aliyeacha tundu hana pa kujificha.

Matokeo huweza kugeuzwa kuwa alama ambayo mnunuzi ataielewa. Katika kipimo cha HERS cha Marekani, nyumba ya alama 100 inalingana na kanuni za ujenzi za mwaka 2006. Ya 70 inatumia asilimia 30 pungufu. Ya 0 huzalisha nishati sawa na inayoitumia kwa mwaka. Doa moja lipo: mkaguzi mara nyingi hulipwa na mjenzi yule yule anayemkagua. Kwa sababu hiyo wakaguzi nao huwekewa wa kuwasimamia, na sehemu ya kazi zao hurudiwa.

Mombasa au Dar es Salaam hakuna anayewasha moto sebuleni. Adui wa huko ni jua linalopiga bati na kuta, kisha kiyoyozi kikageuka mwokozi wa gharama kubwa. Mpango uliotungwa kwa kuzifikiria nchi kama hizi ni EDGE, wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Jengo hulinganishwa na la kawaida la mahali pale pale, na hutakiwa kupunguza kwa angalau asilimia 20 mambo matatu: matumizi ya nishati, matumizi ya maji, na athari ya kimazingira ya kutengeneza vifaa vya ujenzi kama saruji na nondo. Programu ya kukokotoa hesabu hizo hupatikana bure mtandaoni. Vivuli juu ya madirisha, paa la rangi nyeupe, hewa inayopita kutoka upande hadi upande, feni za dari na maji yanayopashwa moto na jua vyote huhesabiwa. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu, zenye kuta nene na ua wa ndani, wasingeona jambo geni hapo.

Mjini Nairobi, kampuni ya Acorn hujenga mabweni ya wanafunzi yenye cheti cha EDGE. Mwaka 2019 ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya kukopa fedha za majengo yanayojali mazingira kama hayo, ya kwanza nchini Kenya, ikakusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3, na mwaka uliofuata hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika masoko ya hisa ya Nairobi na London. Kwa mjenzi mkubwa, basi, cheti hufungua hata milango ya fedha. Mwenye kiwanja anayejenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu na lenta mwakani, hana mkopo wa kijani wa kumvutia, na ada ya ukaguzi kwake ni mifuko ya saruji iliyopotea. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hujengwa hivyo, na kwa wajenzi wa namna hiyo vyeti bado havijafika.

Tena cheti hupima jengo, hakiwapimi wakazi. Familia inayoacha kiyoyozi kikinguruma milango ikiwa wazi italipa bili kubwa ndani ya nyumba yenye alama nzuri.

Anayeonyeshwa cheti cha EDGE kabla ya kununua au kupanga na aangalie ni cha hatua ipi. Cha awali hutolewa kwa kutazama michoro tu. Cha mwisho hutolewa baada ya jengo kukamilika na kukaguliwa, na hicho ndicho cha kudai.