Protini kwa Karibu (3): Mgusano Mmoja Unaopinda Seli ya Damu

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi asidi amino zinavyopangana kuwa mnyororo, na jinsi mnyororo huo unavyojikunja kupata umbo. Leo tunaingia ndani ya umbo lenyewe na kuuliza: pingili ipi inagusana na ipi? Pingili, kwa matumizi ya makala haya, ni kile kinachobaki cha kila asidi amino baada ya kuungana na jirani zake na kupoteza molekuli ya maji. Mfano wangu ni himoglobini. Imechunguzwa kwa muda mrefu kuliko karibu protini nyingine zote, na hitilafu yake moja inajulikana katika nyumba nyingi za Pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria kwa jina la selimundu.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye pingili 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye pingili 146 kila mmoja. Jumla ni pingili 574. Ukitaka kuzilinganisha mbili mbili, utapata jozi 164,451. Zilizo nyingi ziko mbalimbali mno na hazina la kutueleza. Kazi ya mchambuzi ni kuzipata chache zinazogusana kweli.

Mahali pa kuanzia ni faili. Max Perutz, pale Cambridge, alitumia zaidi ya miaka ishirini kupiga fuwele za himoglobini kwa eksirei kabla ya kuliona umbo lake, na mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake John Kendrew. Siku hizi maumbo ya namna hiyo yamewekwa katika hazina ya umma iliyoanzishwa mwaka 1971, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyapakua bure. Ndani ya faili kila atomu ina mstari wake: jina lake, pingili yake, mnyororo wake, na namba tatu zinazoonyesha mahali ilipo. Kutoka hapo umbali kati ya atomu mbili ni hesabu ya Pythagoras, ileile ya sekondari, ila kwa pande tatu. Kipimo ni angstromu. Milimita moja ina angstromu milioni kumi.

Je, umbali gani uhesabiwe kuwa mgusano? Hapa ndipo wataalamu wanapotofautiana, na msomaji asidanganywe kwamba jibu limeandikwa na maumbile. Wapo wanaopima kutoka kaboni ya kwanza ya tawi la pingili moja hadi kaboni kama hiyo ya pingili nyingine, na kusema kila kilicho chini ya angstromu 8 ni mgusano. Glisini haina kaboni hiyo, kwa hiyo hupimwa kwenye uti wa mnyororo. Wengine hutafuta atomu zozote mbili, ukiacha haidrojeni, zilizo ndani ya angstromu 4.5 hivi. Njia ya kwanza ni nyepesi na inafaa kulinganisha maumbo mengi kwa haraka. Ya pili ndiyo ninayoipendelea mtu anapotaka kujua kinachoendelea kwenye kona moja ya protini. Kwa vyovyote, pingili zinazofuatana mnyororoni huondolewa kwanza, maana hizo zimefungwa pamoja tangu mwanzo na ukaribu wao si habari.

Hata baada ya kupima, bado kuna kazi. Abiria wawili waliobanana kwenye daladala si lazima wawe wanajuana. Pingili mbili zenye chaji hasi zaweza kuwa karibu kwa sababu tu nyingine zimezisukuma hapo, wakati zenyewe zinakataana. Ndiyo maana mchambuzi makini huuliza pia mgusano ni wa aina gani. Chaji chanya na hasi zikikaribiana ndani ya angstromu 4 hivi, hilo ni daraja la chumvi. Oksijeni na nitrojeni zikiwa karibu angstromu 3, kwa mwelekeo unaofaa, kuna kifungo cha haidrojeni. Pingili zinazochukia maji hujikusanya pamoja ili kuyakwepa, na huo ndio mgusano utakaotushughulisha leo.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwa umeme kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina chaji tofauti na ya mtu mwingine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, aliikata himoglobini hiyo kwa kimeng'enya, akatandaza vipande vyake kwenye karatasi, akakuta kimoja tu kimehama mahali pake. Mwaka 1957 alieleza tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, nafasi ya 6, glutamati imeondoka na valini imeingia. (Ripoti za maabara za jeni siku hizi huandika nafasi ya 7, kwa sababu zinahesabu pingili ya kwanza kabisa ambayo seli huikata na kuitupa. Asiyejua hilo atachambua pingili isiyohusika mchana kutwa.)

Glutamati ina chaji hasi na inapenda maji. Valini haina chaji na inayachukia. Nafasi ya 6 iko nje, juu ya ngozi ya protini, mahali penye maji tele. Ukitengeneza ramani ya migusano ya molekuli moja, yaani jedwali lenye pingili zote kwa mlalo na kwa wima na alama kila zinapogusana, hutaona jambo la kutisha. Umbo la ndani ni lilelile. Ramani ya himoglobini yenye ugonjwa na ramani ya himoglobini ya kawaida zinakaribia kulingana kabisa.

Tatizo liko nje ya molekuli. Valini ya 6 inapotafuta pa kujificha, huingia katika kishimo kilichoko kwenye mnyororo wa beta wa molekuli nyingine, ambako inapokewa na fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, zote zikiwa pingili zinazochukia maji kama yenyewe. Molekuli ya pili hushikwa na ya tatu, ya tatu na ya nne, mpaka unapatikana uzi. Nyuzi 14 husokotana kuwa ufumwele mgumu, nao ndio unaoisukuma seli nyekundu kutoka ndani hadi ipinde.

Kwa kawaida wachambuzi huitazama kwa shaka migusano kati ya molekuli moja na jirani yake ndani ya fuwele. Protini zikilazimishwa kujipanga kama matofali, hugusana popote, na mengi ya hayo hayatokei mwilini. Programu nyingi huachana nayo bila kuuliza. Lakini fuwele za himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, zilizochunguzwa miaka ya 1970, zilionyesha molekuli zimejipanga kwa nyuzi mbilimbili, na mpangilio huohuo ukaja kuonekana ndani ya fumwele za seli zilizopinda. Ukiufuta mgusano wa majirani katika faili la fuwele hizo, umeufuta ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kanuni ya kusafisha data ni nzuri mpaka pale inapotumiwa bila kujua protini inafanya nini.

Kwa nini isiyo na oksijeni? Kishimo cha 85 na 88 kiko kwenye mzingo (kipande cha mnyororo kilichojisokota) uleule unaobeba histidini ya 92, pingili inayoshika madini ya chuma. Oksijeni inapotua juu ya chuma, chuma husogea, histidini hufuata, na mzingo wote husogea pamoja nayo. Mpangilio wa minyororo minne hubadilika pia. Kishimo hakiko tena katika sura ya kuipokea valini. Ndiyo maana seli hujipinda baada ya kuacha oksijeni kwenye tishu. Na kwa kuwa nyuzi huanza upesi zaidi himoglobini inaposongamana, seli iliyopungukiwa maji iko hatarini zaidi. Kliniki haziwasisitizii wagonjwa kunywa maji kwa mazoea tu.

Kuna ushahidi mwingine kwamba kosa limo katika mgusano, wala si katika kubadilika kwa nafasi ya 6 peke yake. Afrika Magharibi ina himoglobini C, ambayo nafasi hiyohiyo imechukuliwa na lisini. Lisini ina chaji chanya, haingii katika kishimo kile, na seli hazijipindi kuwa mundu.

Upande wa kishimo nao una habari yake. Mtoto aliye tumboni hutumia mnyororo wa gama badala ya beta, na katika nafasi ya 87, katikati ya pingili mbili zinazoipokea valini, gama ina glutamini pale ambapo beta ina treonini. Glutamini ni ndefu zaidi, na inauvuruga mgusano. Ndiyo sababu kubwa mojawapo inayowafanya watoto wa selimundu wasionyeshe dalili katika miezi ya kwanza, kabla himoglobini ya tumboni haijapungua.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Lyfgenia, tiba ya jeni inayoziwekea seli za uboho jeni ya beta iliyobadilishwa nafasi hiyo ya 87 kuwa glutamini. Bei yake ilitangazwa kuwa Dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja, na kwa bei hiyo sioni mtoto wa Mwanza au Kisumu akiipata leo. Anachoweza kupata ni kidonge cha haidroksiurea, dawa ya miaka mingi, ambayo miongoni mwa kazi zake huamsha tena utengenezaji wa himoglobini ya tumboni. Kila mnyororo wa gama unaozaliwa kwa kidonge hicho huja na glutamini yake ya 87, na molekuli iliyoubeba haijiungi na uzi.

Itaendelea juma lijalo: jinsi kompyuta inavyobashiri migusano ya protini ambayo bado hakuna aliyeliona umbo lake.