Mwanagenzi wa wanyamapori huanza na chupa ya maziwa

KIJANA anayeingia katika kituo cha kulea wanyamapori yatima akitarajia kufuata daktari wa mifugo kwa helikopta hupewa ndoo, brashi na daftari. Wiki za kwanza ni za kuosha chupa, kuchemsha maji, kuondoa kinyesi na kuandika: nani amekunywa, kiasi gani, saa ngapi, na nani amehara. Kwa jicho la mkulima hii ni kazi ya zizi. Tofauti ni kwamba mfugo huu hauuzwi, hauchinjwi wala haukamuliwi. Unakula tu, na kwa ndovu hali hiyo huendelea kwa miaka.

Reteti, katika Kaunti ya Samburu, ni mahali pazuri pa kuisoma hesabu hiyo. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2016 ndani ya hifadhi ya jamii ya Namunyak, na ni mali ya jamii yenyewe. Walezi wake ni Wasamburu, wake kwa waume, watu waliokua wakichunga mbuzi na ng'ombe. Baadhi ya ndovu wanaoletwa hapo walipoteza mama zao kwa ukame au ujangili. Wengine walitumbukia katika visima ambavyo wafugaji huchimba kwa mikono kwenye mchanga wa mito iliyokauka, na kundi likaondoka bila wao.

Ndama wa ndovu huzaliwa akiwa na uzani wa karibu kilo 100, baada ya mimba ya miezi 22, na hutegemea maziwa kwa miaka miwili au zaidi. Maziwa ya ng'ombe humdhuru. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata mchanganyiko uliofaa: maziwa ya unga ya watoto wachanga pamoja na mafuta ya nazi. Mchanganyiko wa aina hiyo umeokoa ndovu wengi. Hata hivyo, maziwa ya unga yanapoagizwa kutoka ng'ambo, bei yake hupanda kila shilingi inapoteleza, na meli ikichelewa ndama hajui kungoja.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Reteti ilianza kujaribu maziwa ya mbuzi kutoka kwa wanawake wafugaji wa eneo hilo. Maziwa hupashwa moto kuua viini, huongezwa virutubisho, kisha hutiwa kwenye chupa. Fedha zilizokuwa zikienda kwa kiwanda cha mbali sasa huingia mikononi mwa mama mwenye mbuzi. Hapo ndipo mwanagenzi aliyesomea kilimo anapaswa kuvuta kiti na kuchukua kalamu.

Chukulia, kwa mfano tu, ndama mmoja anayepewa chupa ya lita 2 kila baada ya saa 3, mchana na usiku. Hizo ni chupa 8, sawa na lita 16 kwa siku. Mbuzi wa mfugaji anayehama, akishamwachia mwanawe sehemu yake, akitoa nusu lita, basi ndama huyo mmoja anahitaji mbuzi 32 kila siku. Ndama 10 watahitaji mbuzi 320. Soko la namna hiyo, lililo karibu na lisilo na likizo, ni nadra sana kwa mwanamke wa Samburu.

Lakini soko hili lina kasoro ambayo bei peke yake haitaiondoa. Ukame unapokaza, yatima huongezeka, na wakati huohuo matiti ya mbuzi hukauka. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana kaskazini mwa Kenya. Serikali iliripoti kwamba ndovu 205 walikufa kati ya Februari na Oktoba 2022. Katika miezi kama hiyo maziwa machache yanayopatikana yana wateja wawili, ndama wa kituoni na mtoto wa nyumbani. Mama anayehitaji pesa za unga wa mahindi anaweza kuuza hata kikombe cha mwanawe, na hakuna daftari la kituo litakaloonyesha hilo.

Kwa hiyo mwanagenzi mwenye manufaa ni yule anayepima pande zote mbili: maziwa yaliyopokelewa langoni na yale yaliyobaki manyattani. Aulize pia nyasi zinaweza kukatwa na kuhifadhiwa lini, maganda ya migunga yaokotwe vipi kabla ya kiangazi, na akiba ya maziwa ya unga iwe ya wiki ngapi. Maswali hayo hayana picha nzuri ya kutuma nyumbani, lakini ndiyo yanayolisha ndovu.

Kikwazo ni nafasi. Vituo vingi barani Afrika hupokea vijana wa kigeni wanaolipa kwa wiki ili wafanye kazi, na malipo yao husaidia kununua chakula cha wanyama. Si vibaya. Ila mwanafunzi wa chuo chetu mwenye miezi 3 ya mafunzo ya nyanjani hana fedha hizo, hivyo huishia ofisini akipanga faili. Kituo kinachotenga hata nafasi 2 kwa wenyeji, pamoja na malazi na chakula, hupata mtu anayejua lugha ya wanaouza maziwa.

Anayetaka kuomba asisahau mambo machache. Apate barua ya chuo na bima, na amwone daktari kuhusu chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Asiende mahali pasipo na kibali, kwani sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini kiholela. Asitegemee pia kuona mwisho wa kazi yake. Reteti ilifunguliwa 2016, na ndovu wake wa kwanza walirudishwa porini 2019. Katika miezi 3 ataona chupa, nyingi mno, na ile ya saa tisa usiku ndiyo itakayompima.