Nani Huwahesabu Wataalamu wa Kilimo?

Mwalimu wa somo la kilimo huko Witeithie hana budi kukabiliana na swali ambalo vitabu vya kiada havilijibu: nikifaulu somo hili, nitaajiriwa wapi? Mwanafunzi hana kosa kuuliza. Katika ukanda wa Ruiru na Thika mibuni mingi imeng'olewa ili kupisha majumba ya kupangisha.

Ajabu ni kwamba ukanda huu huu ndio uliotakiwa kulijibu. Mwaka 1981, kwa msaada wa serikali ya Japani, chuo cha Jomo Kenyatta kilifunguliwa Juja kikitoa stashahada za uhandisi wa kilimo, teknolojia ya chakula na kilimo cha bustani. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1984. Mwaka uliofuata, kituo cha utafiti wa kahawa kikatoa mbuni wa Ruiru 11, unaostahimili maradhi yanayoozesha buni changa. Mananasi ya Thika nayo yalikuwa yakisindikwa papo hapo. Elimu, utafiti na kiwanda vilikuwa majirani.

Kisha mambo yakaachana njia. Chuo kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994, wakati ule ule serikali ilipokuwa ikibana ajira kwa masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Afisa wa kilimo wa nyanjani alipostaafu, aghalabu kiti chake kilibaki kitupu. Leo mkulima mwenye mahindi yanayonyauka huenda kwa muuza dawa za mimea, naye mshauri huyo ndiye mwenye bidhaa ya kuuza!

Hasara yake si ya wasomi pekee. Mwaka 2004 zaidi ya watu 120 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Kukausha na kuhifadhi nafaka ni elimu ya kawaida kabisa kwa mhitimu wa sayansi ya chakula.

Katiba ya 2010 ilizidisha utata: vyuo vikuu na sera vikabaki kwa serikali ya kitaifa, huduma za kilimo zikaenda kwa kaunti. Anayefunza si anayeajiri. Isitoshe, ahadi ya Maputo ya mwaka 2003, ya kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, imebaki ahadi. Witeithie kwa Kikuyu ni kusema "jisaidie mwenyewe". Yamkini ndiyo sera tuliyo nayo kwa wahitimu hawa.

Mtaala wa Umilisi umelirejesha somo la kilimo katika shule za msingi. Ni vyema. Lakini kila kaunti na itangaze maafisa inaowahitaji katika miaka mitano ijayo, pamoja na fedha za kuwalipa, na orodha hiyo imfikie mwalimu kabla ya wanafunzi wake kujaza fomu za kuchagua kozi.