Neno «Gridi» na Habari za Kompyuta Zilizotawanyika

Neno gridi limezoeleka katika Kiswahili kwa njia ya umeme. Mkazi wa Kerege, wilaya ya Bagamoyo, awashapo taa hana haja ya kujua kama nguvu imetoka katika maji ya Kidatu au katika mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Kwa kufuata mfano huo, Ian Foster na Carl Kesselman walilitia neno hilo katika jina la kitabu walichokihariri mwaka 1998, juu ya kompyuta za mbalimbali zinazofanya kazi kwa ushirika.

Walakini mfano huo wapotosha. Umeme ni mmoja, kompyuta hazilingani. Moja ina nafasi, nyingine imelemewa, ya tatu haina programu itakiwayo; hapana budi kuuliza kabla ya kupeleka kazi. Na jibu huchakaa upesi. Tena, kila kompyuta ikipeleka habari zake zote kwenye daftari moja, daftari hilo huelemewa. Kwa hiyo habari huwekwa karibu na zitokako, muhtasari tu ukapandishwa juu, na kila habari hupewa muda wake: ukubwa wa diski hudumu siku nyingi, hali ya foleni dakika chache.

Neno rasilimali, litumikalo hapa, asili yake ni mtaji, na mtaji waweza kulala. Nafasi lingefaa zaidi. Abiria wa Kerege aulizaye kama gari lina nafasi haulizi ukubwa wa gari. Auliza viti vilivyo wazi sasa hivi.