Pesa kidogo? Anza na kifaa cha kutoboa ngozi

Pochi ya kwanza niliyouza ilifumuka mfukoni mwa mteja kabla mwezi haujaisha. Alikuwa mwanabodaboda wa hapa Siakago, na alinirudishia palepale steji mbele ya wenzake. Nilimpa mia tano yake nikaenda zangu kimya. Ngozi haikuwa na kosa. Nilikuwa nimetumia uzi wa pamba wa cherehani, na sindano kali nilizokuwa nikizilazimisha kupita kwa koleo.

Sasa wewe uliyeacha chuo kama mimi, ama uliyemaliza na kazi haionekani, ukiamua kushona ngozi kwa mkono, nisikize kabla hujatoa pesa.

Mtandaoni utaona kifurushi cha vifaa thelathini na kitu kwa bei tamu. Nilinunua kimoja. Zaidi ya nusu sijawahi kuvigusa, na uma wa kutobolea ulipinda meno siku ya pili. Ukiwa na thao moja tu, sehemu kubwa iende kwa hicho kifaa cha kutoboa.

Ndiyo, kutoboa. Watu hudhani kazi ni ya sindano, kumbe sindano inapita tu njia iliyokwisha kufunguliwa. Mashimo yakienda upogo, mshono nao utaenda upogo. Tafuta uma wa chuma wa meno manne, jino na jino zikiachana milimita 4, na mwingine wa meno mawili wa kupigia kona. Weka ngozi juu ya kibao, piga kwa nyundo ya mbao ama ya mpira. Kila ukisonga, jino la kwanza lirudi ndani ya shimo la mwisho, nafasi zisibadilike.

Zote mbili zikikushinda bei, nunua msharasi ulionyooka, kisha upime mashimo kwa bikari ya hisabati. Hiyo bikari ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho shule ambacho bado kinaniletea chapaa. Unaburuta ncha moja kwenye ukingo wa ngozi, ya pili inakuchorea mstari.

Lakini usiuchanganye na ule wenye ndoano wa mafundi wa viatu. Ule ni wa kasi, na hufunga nyuzi mbili katikati ya ngozi kama cherehani. Uzi mmoja ukilika, mshono huanza kuachia. Kwa pochi unatumia uzi mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Zote zinapita shimo lilelile, hii ikitoka kushoto, ile kulia. Upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika. Ndiyo maana sindano ziwe butu: yenye ncha kali itautoboa uzi wa mwenzake mle ndani ya shimo.

Uzi uwe wa polista, unene wa milimita 0.8 hivi kwa pochi. Kata mara nne ya urefu wa mshono. Ukikata mfupi utajuta katikati ya kazi. Ukikosa uliopakwa nta, huku Mbeere ufugaji wa nyuki si kitu kigeni. Omba kipande cha nta, buruta uzi juu yake mara mbili tatu. Ukimaliza, rudi nyuma mashimo mawili, kata, yeyusha ncha kwa kiberiti.

Vingine ni vya nyumbani. Kisu cha kukatia kiwe kikali, gundi ni ya viatu, na kibanio ni magoti yako na mbao mbili. Ukifika Nairobi, pitia mafundi wa sandali Kariokor uulize vipande vilivyobaki. Fanyia mazoezi hapo kabla ya kugusa ngozi ya maana.

Yule wa bodaboda nilimshonea nyingine bure. Bado anaibeba. Pale steji bado naitwa Mfumuko, lakini juzi mmoja wao ameagiza mshipi, na hajaomba kupunguziwa bei.