Nambari Iliyosingiziwa Utasa

Katika mihadhara yangu ya isimu, aghalabu hutokea mwanafunzi akadai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati. Humjibu kwa neno moja: tasa. Nambari tasa ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, mathalani 7 au 13. Neno la nyumbani na zizini limeingia darasani, na limekaa vyema.

Lakini utasa, kama wajuavyo wazee wetu, husingiziwa. Mnamo 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya nambari alizodai kuwa tasa. Mojawapo hupatikana kwa kuzidisha mbili 67 pamoja, kisha kutoa moja: 147,573,952,589,676,412,927. Dai hilo lilidumu zaidi ya karne mbili. Mnamo 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, alithibitisha kuwa nambari hiyo yagawika, ingawa vigawo vyake hakuvipata.

Vilipatikana 1903. Mbele ya wanahisabati wenzake mjini New York, Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha jibu: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliikokotoa hesabu ubaoni, akaketi, ukumbi ukarindima kwa makofi. Yasemekana kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Msomaji, usiniamini mimi. Jumlisha tarakimu za kila kigawo: utapata 37 na 64. Endelea kujumlisha hadi ibaki tarakimu moja. Vyote viwili vitaishia 1. Tarakimu za nambari kubwa ni 109 kwa jumla, nazo huishia 1. Moja mara moja ni moja. Huo si uthibitisho kamili, ila lau majibu yangepingana, tungejua papo hapo kuwa pana kosa. Uthibitisho wenyewe ni kuzidisha, kazi iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye kalamu na subira.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Nilipokuwa shuleni, nilitandikwa viboko kwa kuuliza kwa nini hasi mara hasi huzaa chanya. "Kitabu kimesema," nikaambiwa. Mersenne naye alisema! Walimu wenzangu, swali la mtoto si utovu wa adabu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuipokea kauli kwa sababu ya ukubwa wa msemaji, pasi na kuipima.