Uharamia wa mtandaoni: sheria kali zinamlenga nani?



Kwa anayekaa Albert Park, neno uharamia halihitaji kamusi. Tembea kutoka Maud Mfusi (wenyeji wa zamani bado wanaiita St Georges) hadi Diakonia, halafu waulize wenzako wa DUT au UKZN kitabu cha muhula huu wamekipata wapi. Mmoja atasema fotokopi, mwingine atasema "nimetumiwa kwenye grupu", wa tatu atacheka tu. Nyimbo za Bongo Flava na ndombolo nazo zinahama kutoka simu moja hadi nyingine bila risiti. Sisi wote tumo humo, tusidanganyane. Ndiyo maana mjadala wa sheria kali dhidi ya uharamia wa mtandaoni, ambao hapa Afrika Kusini umechukua zaidi ya miaka kumi, unatuhusu kuliko tunavyodhani. Na unatuhusu mara mbili, kwa sababu tunaishi chini ya sheria za hapa huku tukisubiriwa na sheria za nyumbani.

Kwanza tuanze na sheria iliyopo. Sheria ya Hakimiliki ya Afrika Kusini ni Namba 98 ya mwaka 1978, yaani ilitungwa wakati hakuna aliyekuwa na kompyuta chumbani, sembuse intaneti. Kifungu cha 12 kinaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa utafiti au kwa masomo yako binafsi, mradi matumizi hayo yawe ya haki. Hakisemi kurasa ngapi. Ile "asilimia kumi" mnayoambiwa dukani kwenye fotokopi ni desturi tu, haimo katika kifungu hicho. Kifungu cha 27 ndicho chenye meno. Kinamfanya mhalifu yule anayetengeneza nakala za kuuza au kukodisha, anayezisambaza kibiashara, na pia anayezisambaza kwa sababu nyingine yoyote kwa kiasi cha kumdhuru mwenye haki, huku akijua kazi ina mwenyewe. Kosa la kwanza ni faini isiyozidi randi 5,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ukirudia, ni randi 10,000 au miaka 5. Na hiyo ni kwa kila nakala, kwa hiyo hesabu ya mtu mwenye begi la CD fanya mwenyewe.

Hapa kuna tofauti ambayo watu wengi huichanganya. Ukishusha filamu moja ukaiangalia chumbani kwako umevunja haki ya mtu, naye anaweza kukudai fidia. Hayo ni madai. Jinai ni kitu kingine: polisi, alama za vidole, rekodi. Kwa mwenyeji, rekodi ni balaa. Kwa mgeni ni zaidi ya balaa, maana viza ya masomo inaombwa pamoja na cheti cha polisi. Sheria inapohamisha jambo kutoka upande wa madai kwenda upande wa jinai, mwanafunzi wa kigeni ndiye mwenye mengi ya kupoteza, hata kama kwenye hotuba za bungeni hakutajwa.

Kesi ya mtandaoni iliyovuma sana hapa ni ya mkazi mmoja wa Cape Town aliyeiweka filamu ya Four Corners kwenye tovuti ya The Pirate Bay. Alikamatwa mwaka 2013, akakiri, na mwaka 2014 akapewa kifungo cha miaka 5 kilichoahirishwa chote. Hakulala jela, ila alitoka na hukumu ya jinai. Kuna waliosema ameponea, wengine wakasema mbona kazidishiwa, lakini wote walikubaliana kwamba sheria ya 1978 inaweza kumfikia mtu wa intaneti bila kuandikwa upya.

Sasa njooni mwaka 2015, maana hapo ndipo penye somo kubwa. Mwaka huo serikali mbili zilikuwa zinaandika sheria ya makosa ya mtandao kwa wakati mmoja: Afrika Kusini na Tanzania.

Rasimu ya Afrika Kusini ilitolewa kwa wananchi mwezi Agosti 2015. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 20, kilichosema kwamba mtu anayeuza, anayesambaza au kuweka mtandaoni kazi yenye hakimiliki bila ruhusa, akijua kwamba kitendo hicho kinamdhuru mwenye haki, anaweza kufungwa hadi miaka 3. Angalieni neno "kusambaza". Halikudai kuwepo biashara. Yule dada wa darasani anayetuma kitabu kizima kwa wenzake arobaini, kwa nia njema kabisa, angeweza kuingia. Wanaharakati wa Right2Know na wanasheria wengine walipiga kelele: jambo hili lina sheria yake, kwa nini liwekwe kapu moja na wezi wa benki na wavunja mifumo ya kompyuta? Muda wa maoni ulikwenda hadi mwishoni mwa Novemba. Muswada ulipofika Bungeni mwaka 2017 kifungu hicho hakikuwemo tena, na sheria iliyotokana nao, Namba 19 ya 2020, ambayo sehemu zake nyingi zilianza kutumika tarehe 1 Desemba 2021, haina kosa hilo.

Tanzania mambo yalikwenda mbio. Muswada uliletwa Bungeni kwa hati ya dharura, ukapita mwanzoni mwa Aprili 2015, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba. Kelele nyingi zilikuwa juu ya kifungu cha 16 cha habari za uongo, na kwa haki kabisa. Kifungu cha 24 kikapita kimya kimya. Kinahusu kutumia kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za ubunifu, na adhabu yake isomeni taratibu: kama hakuna biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, kama ni biashara, faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5. "Isiyopungua", wandugu. Sheria ya hapa inasema hakimu asizidishe. Ya kwetu inasema asipunguze. Hakimu mwenye huruma huku anaweza kukutoza randi mia tano akakwambia nenda kasome. Kule mikono yake imefungwa hata kama kosa ni wimbo mmoja. Kweli, Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inaruhusu baadhi ya matumizi binafsi, na kinachoruhusiwa si kosa. Lakini ukivuka mstari, hata bila kupata senti, ngazi ya chini kabisa ni hiyo.

Kenya wao walipita njia ingine. Marekebisho ya 2019 ya sheria yao ya hakimiliki yaliwabana zaidi watoa huduma za intaneti: mwenye kazi anatoa notisi, kampuni inatakiwa kuiondoa au kuiziba. MultiChoice Kenya ikawapeleka Safaricom na Jamii Telecommunications mahakamani kuhusu tovuti zinazoonyesha mpira bure. Ni njia yenye matatizo yake (nani anahakiki notisi ya uongo?), lakini angalau mtazamaji hatupwi ndani. Ufaransa ilijaribu mwaka 2009 kumkatia intaneti anayerudia kosa. Baraza la Katiba likasema hilo haliwezi kuamuliwa bila jaji, na mwaka 2013 adhabu ya kukatiwa ikafutwa.

Nisieleweke kwamba natetea wizi. Msanii anakula wapi? Solomon Linda, Mzulu wa hapa hapa KwaZulu-Natal, alirekodi "Mbube" mwaka 1939 na haki zake akaziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", ukaingia hadi kwenye The Lion King, naye akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilikuja kupata kitu baada ya kesi dhidi ya Disney kumalizwa kwa makubaliano mwezi Februari 2006. Kilichowasaidia kilikuwa kanuni ya zamani ya Kiingereza, ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Yaani aliyemwibia Linda hakuwa kijana wa barabarani, na dawa haikuwa jela. Ukiniuliza mimi, wanaodai sheria kali kwa jina la wasanii wangeanza na mikataba ambayo wasanii wanasainishwa.

Na kuna jambo moja la kutisha kidogo kwetu wageni. Mwaka 2006 wanamuziki wa hapa, akiwemo Mzwakhe Mbuli, walianzisha kampeni dhidi ya wauzaji wa CD bandia, wakawa wanawaendea wenyewe barabarani. Waliiita Operation Dudula, "dudula" kwa Kizulu ikiwa ni kusukuma kwa nguvu. Tangu mwaka 2021 jina hilo hilo linatumiwa na kundi jingine kabisa, lile la kutaka wageni waondoke. Makundi hayo siyo mamoja. Lakini mtu aliyeishi Albert Park anajua jinsi ilivyo rahisi msako wa bidhaa bandia kugeuka msako wa pasipoti.

Tukirudi kwenye vitabu: vinauzwa hapa kwa bei za London, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 15 tangu Aprili 2018. Muswada wa kurekebisha sheria ya 1978 ulilenga kupanua matumizi ya haki kwa elimu, ingawa unaongeza pia kosa la jinai la kuvunja kufuli za kidijiti. Ulipitishwa mwaka 2019. Rais Ramaphosa akaurudisha Bungeni Juni 2020. Katikati, Oktoba 2019, Marekani ilianza kupitia upya nafuu ya ushuru ya Afrika Kusini baada ya malalamiko ya makampuni yake ya hakimiliki, na msukumo huo umelaumiwa sana. Bunge likaupitisha tena Februari 2024, Rais akaupeleka Mahakama ya Katiba Oktoba 2024, na hoja zikasikilizwa Mei 2025. Wasioona hawakusubiri. Chama cha Blind SA kilikwenda mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kuwazuia kubadili vitabu viwe vya nukta nundu au sauti bila ruhusa ya mchapishaji ni kinyume cha Katiba.

Kwa sasa basi, kwa matumizi ya kila siku: sura unayonakili kwa masomo yako ina kifungu cha 12 cha kuitetea. Kitabu kizima kilichowekwa kwenye grupu la watu mia mbili kina kazi ngumu zaidi, hata kama hukumtoza mtu senti, kwa sababu ya yale maneno "kwa sababu nyingine yoyote" ya kifungu cha 27. Anayechaji hata randi tano kwa nakala ameingia biashara. Na Mtanzania anayepanda ndege King Shaka kwenda likizo akumbuke kwamba akifungua kompyuta yake Dar na kuanza kuwasambazia washkaji yaliyomo, kifungu kinachomhusu ni cha 24, chenye lile neno "isiyopungua".